Dawa za kuamsha kinga dhidi ya saratani: ipi, kwa nani, na kwa wakati gani?

Mgonjwa akiambiwa kuwa saratani yake inaweza kutibiwa kwa kuamsha kinga ya mwili, yeye na ndugu zake huuliza kwanza: dawa ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo naliheshimu, lakini naona linaanzia mahali pasipofaa. Dawa nyingi za kundi hili haziui seli za saratani zenyewe. Zinazoua ni seli nyeupe za damu za mgonjwa, hasa zile ziitwazo seli T. Kwa hiyo kabla ya kushindanisha dawa na dawa, inafaa ijulikane seli hizo ziko wapi: zimeshaingia ndani ya uvimbe, zimekwama pembeni, au hazijafika kabisa. Mengi katika ulinganisho huu yanategemea jibu la swali hilo, na yanayobaki yanategemea wakati dawa inapotolewa.

Kinga ile ile, kazi zinazopingana

Mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alisema tangu 1909 kwamba mwili huenda hujilinda dhidi ya saratani kila siku bila sisi kujua. Ushahidi unaonigusa kuliko mwingine wote ni kisa kilichoandikwa na madaktari wa Uskoti mwaka 2003. Wagonjwa wawili walipandikizwa figo za mtoaji mmoja, na baadaye wote wawili wakapata melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi. Ilikuwa imetoka kwa mtoaji. Yeye alifanyiwa upasuaji wa melanoma miaka 16 kabla, akahesabiwa amepona. Kumbe seli chache zilibaki mwilini mwake, na kinga yake ilikuwa ikizizuia muda wote huo. Zilipohamia kwa watu wanaomeza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo mpya, zikakua.

Mtafiti wa kinga Robert Schreiber na wenzake waligawa uhusiano huu katika hatua tatu. Kwanza kinga huziondoa seli zilizoharibika. Zikibaki chache, pande mbili hukaa katika mizani, pengine kwa miaka mingi. Mwisho saratani hutoroka. Hatua ya katikati inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo kinga huua seli inazozitambua na kuziacha zinazojua kujificha. Maana yake, saratani inayoonekana kwenye picha za hospitali imeshachujwa na kinga ya mgonjwa huyo huyo, na usugu dhidi ya dawa za kinga huweza kuwa umeanza kabla dozi ya kwanza haijatundikwa.

Kuna upande mwingine unaosemwa mara chache kwa wagonjwa. Baadhi ya seli za kinga huisaidia saratani isambae. Makrofaji, seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kusafisha na kutengeneza vidonda, huvutwa na uvimbe kwa kemikali iitwayo CSF-1. Nazo hutoa EGF, ambayo huzivuta seli za saratani kuelekea kwenye mishipa ya damu. Nyutrofili, ambazo hukimbilia penye maambukizi, hurusha nyavu za DNA kunasa bakteria. Katika majaribio ya panya nyavu hizo zimenasa seli za saratani zinazosafiri kwenye damu, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mapafu ya panya yakiwa na uvimbe-joto wa muda mrefu, nyavu hizo huziamsha seli za saratani zilizolala humo. Chembe sahani za damu huizingira seli ya saratani njiani ili seli asilia za kuua, zile za NK, zisiitambue. Halafu kuna seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza kinga isiushambulie mwili, na ambazo uvimbe huzikusanya kwa wingi zije kutuliza pale ambapo utulivu hautakiwi.

Ini lina hali yake ya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba saratani ikishafika kwenye ini, makrofaji wa humo hufanya seli T zilizokuwa zinapambana zife, na athari hiyo huonekana hata kwenye uvimbe ulio sehemu nyingine za mwili. Ndiyo maana wagonjwa wenye saratani iliyosambaa kwenye ini kwa ujumla huitikia dawa za kinga vibaya zaidi. Jambo hilo lina uzito katika uchaguzi, na nitalirudia.

Vipimo vinavyotangulia uchaguzi

Wataalamu husema uvimbe ni "moto" seli T zikiwa zimeshaingia ndani, na ni "baridi" zikiwa hazimo. Kati ya hizo mbili kuna uvimbe uliozingirwa: seli T zimefika ukingoni, lakini tishu ngumu na kemikali kama TGF-beta zimezizuia zisipite. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake walionyesha kuwa katika saratani ya utumbo mpana, aina, wingi na mahali pa seli T ndani ya uvimbe vilitabiri hatima ya mgonjwa vizuri kuliko hatua za ugonjwa zinazopimwa kwa ukubwa wa uvimbe na umbali uliosambaa.

Katika kliniki ya kawaida kipimo hicho hakifanywi kwa kila mtu. Vinavyofanywa ni viwili vitatu vinavyoikaribia picha hiyo. Cha kwanza ni PD-L1, protini ambayo seli ya saratani huitumia kukanyaga breki iliyo juu ya seli T. Majibu yake huja kwa asilimia. Ni kipimo cha msaada, si cha uhakika: wapo wenye asilimia kubwa wasioitikia dawa, na wapo wenye sifuri wanaoitikia. Cha pili ni cha kuona kama seli za saratani zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya DNA, na kwenye karatasi ya majibu huandikwa MSI-H au dMMR. Hiki nakithamini kuliko vyote. Saratani yenye hitilafu hiyo hujaa protini zilizoharibika ambazo kinga huzitambua kwa urahisi, na mwaka 2017 pembrolizumab, dawa inayoifungua ile breki ya seli T, ikawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa hitilafu ya namna hiyo bila kujali saratani imeanzia kiungo gani. Cha tatu ni vipimo vya jeni kama EGFR, ALK na BRAF, ambavyo vinaweza kugeuza mpangilio mzima.

Ombi langu kwa familia yoyote: hali ya mgonjwa ikiruhusu kungoja, msikubali dozi ya kwanza kabla ya majibu haya. Katika saratani ya mapafu yenye badiliko la EGFR, kwa mfano, vidonge vinavyolenga badiliko hilo hutangulia. Akianza na dawa ya kinga kisha akahamishiwa haraka kwenye osimertinib, kimojawapo cha vidonge hivyo, hatari ya mapafu kuvimba vibaya huongezeka. Kosa la mpangilio wa namna hiyo halirekebishwi kwa kuacha dawa, maana dawa za kinga hukaa mwilini na athari zake huendelea kwa muda mrefu baada ya dripu ya mwisho.

Dawa ya kinga peke yake, au pamoja na kemotherapi?

Hapa ndipo wengi husimama kwanza, hasa wenye saratani ya mapafu.

Kwa wagonjwa wa mapafu wenye PD-L1 ya asilimia 50 au zaidi, wasio na mabadiliko ya EGFR wala ALK, utafiti wa KEYNOTE-024 uliwapa nusu pembrolizumab peke yake na nusu kemotherapi. Baada ya miaka mitano asilimia 31.9 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 16.3 ya kundi la pili, ingawa wengi wa kundi la pili walihamia kwenye dawa ya kinga kemotherapi iliposhindwa. Madhara makali ya tiba yalipungua kwa karibu nusu: asilimia 26.6 dhidi ya 53.3 katika matokeo ya awali.

Kwa kuchanganya, ushahidi unaotajwa sana ni KEYNOTE-189, uliopokea wagonjwa wa PD-L1 ya kiwango chochote. Waliopewa zote mbili, asilimia 19.4 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopewa kemotherapi bila dawa ya kinga, asilimia 11.3. Msomaji asiziweke takwimu za tafiti hizi mbili kwenye mizani moja akasema dawa peke yake imeshinda mchanganyiko. Wagonjwa wenyewe walikuwa tofauti: utafiti wa kwanza ulichagua waliokuwa na dalili nzuri ya kuitikia, wa pili haukuchagua.

Kemotherapi inaisaidia vipi kinga, wakati tunajua inashusha seli nyeupe? Baadhi ya dawa zake, kama oxaliplatin na doxorubicin, huiua seli ya saratani kwa namna inayoitangaza. Protini iitwayo calreticulin hutokea juu ya seli inayokufa na kuwaita wanaokula mabaki, ambao huenda kuzifundisha seli T. Faida ya pili ni muda. Dawa ya kinga huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuna wagonjwa wasio na wiki hizo.

Jambo hili la muda lilionekana wazi katika KEYNOTE-177, uliohusu saratani ya utumbo mpana iliyosambaa na yenye MSI-H. Pembrolizumab peke yake ilizuia ugonjwa kwa muda wa kati (nusu ya wagonjwa huuzidi) wa miezi 16.5, dhidi ya miezi 8.2 kwa kemotherapi, na madhara makali yalikuwa asilimia 22 dhidi ya 66. Ukiishia hapo, uamuzi unaonekana mwepesi. Lakini katika kundi la dawa ya kinga asilimia 29 ya wagonjwa ugonjwa uliendelea moja kwa moja bila kuitikia hata kidogo. Katika kundi la kemotherapi walikuwa asilimia 12. Kwa hiyo waliofaidika walifaidika sana na kwa muda mrefu, na waliokosa waligundua mapema.

Uamuzi wangu katika jozi hii: PD-L1 ikiwa juu au MSI-H ikiwepo, na mgonjwa akiwa anapumua vizuri na uvimbe haubani kiungo muhimu, dawa ya kinga peke yake ina hoja nzito, hasa kwa mzee au mtu dhaifu ambaye kemotherapi ingemwangusha. PD-L1 ikiwa chini, au ugonjwa ukiwa unakimbia, au ini likiwa limejaa saratani, ningetaka daktari aeleze kwa nini asianze na zote mbili.

Breki moja au mbili?

Breki ya CTLA-4 hufanya kazi zaidi kwenye tezi za limfu, mwanzoni kabisa, seli T inapofundishwa adui ni nani. Breki ya PD-1 hufanya kazi zaidi ndani ya uvimbe, seli T ikiwa imeshachoka kwa vita. James Allison aliichunguza ya kwanza, Tasuku Honjo ya pili, nao wakagawana Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa ya kufungua CTLA-4, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani 2011. Za PD-1, yaani pembrolizumab na nivolumab, zilifuata 2014.

Kwa kuwa breki hizi ziko mahali tofauti, kuzifungua zote mbili kuna mantiki. Gharama yake kwa mwili nayo ni kubwa. Utafiti wa CheckMate 067 ulifuatilia wagonjwa 945 wa melanoma kwa miaka kumi. Waliopewa nivolumab na ipilimumab pamoja, asilimia 43 walikuwa hai mwishoni. Nivolumab peke yake, asilimia 37. Ipilimumab peke yake, asilimia 19. Nusu ya kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 71.9, na nusu ya kundi la pili zaidi ya miezi 36.9. Madhara makali yaliwapata takriban watu sita katika kila kumi wa kundi la mchanganyiko. Kwa nivolumab peke yake walikuwa kama wawili katika kumi.

Soma takwimu hizo mara mbili. Tofauti kati ya asilimia 43 na 37 ni ya kweli lakini ni ndogo kuliko tofauti ya madhara. Na madhara haya si ya kichefuchefu na nywele kudondoka. Ni utumbo kuvimba na kuharisha damu, homa ya ini isiyo na virusi, mapafu kuvimba, tezi ya shingo kuacha kufanya kazi, tezi ya chini ya ubongo kuharibika. Nadra sana huwa moyo kuvimba, na huo huua. Yale ya tezi kwa kawaida hubaki maisha yote, na mgonjwa humeza vidonge vya homoni kila siku.

Wapo ambao kwao zote mbili ni chaguo sahihi licha ya hayo. Mwenye melanoma iliyofika kwenye ubongo ni mmoja wao. Huko mchanganyiko umefanya kazi kuliko dawa moja. Mwingine ni kijana mwenye afya njema na ugonjwa mzito unaokua haraka. Kwa mzee anayeishi mbali na hospitali inayoweza kutibu kuharisha kwa ghafla, mimi ningeanza na moja.

Tangu 2022 kuna njia ya katikati kwa melanoma: nivolumab pamoja na relatlimab, inayofungua breki ya tatu iitwayo LAG-3. Muda wa kati kabla ugonjwa haujaendelea ulikuwa miezi 10.1, dhidi ya 4.6 kwa nivolumab peke yake, na madhara makali asilimia 18.9 dhidi ya 9.7. Haijashindanishwa moja kwa moja na mchanganyiko wa ipilimumab katika utafiti huo, lakini kwa anayeogopa ule mzigo wa kwanza, ni swali la kumuuliza daktari.

Mwenye melanoma ya BRAF ana njia panda ya ziada: vidonge vinavyolenga BRAF au kinga kwanza? Vidonge huyeyusha uvimbe haraka, na wengi huvipenda kwa sababu hiyo. Utafiti wa DREAMseq ulipima mpangilio huo. Walioanza na dawa mbili za kinga, asilimia 71.8 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Walioanza na vidonge, asilimia 51.5, ingawa pande zote mbili ziliruhusiwa kubadilishana ugonjwa ulipoendelea. Isipokuwa mgonjwa yuko katika hali ya dharura, kinga itangulie.

Kabla ya upasuaji au baada?

Kati ya jozi zote, hii ndiyo inayonifanya nitamani kila familia iulize mapema, maana mara nyingi upasuaji hupangwa kwanza na mazungumzo ya dawa hufuata jeraha likiwa limeshafungwa.

Utafiti wa SWOG S1801 ulichukua wagonjwa 313 wa melanoma inayoweza kukatwa. Dawa ilikuwa ile ile, pembrolizumab, na dozi 18 kwa kila upande. Kundi moja lilipata zote baada ya upasuaji. Kundi la pili lilipata tatu kabla na kumi na tano baada. Hakuna kingine kilichobadilishwa. Baada ya miaka miwili, asilimia 72 ya waliotanguliza dozi tatu walikuwa hawajapata tukio baya, yaani ugonjwa kurudi, kuendelea, kushindwa kukatwa au kifo. Kwa waliosubiri walikuwa asilimia 49. NADINA, utafiti wa 2024 uliotumia dozi mbili tu za ipilimumab na nivolumab kabla ya upasuaji, ulipata asilimia 83.7 dhidi ya 57.2 baada ya mwaka mmoja.

Sababu inarudi kwenye swali letu la kwanza, seli T ziko wapi. Uvimbe ukiwa bado mwilini, una seli T zinazoujua na una kila aina ya protini zilizoharibika za kuzifundishia nyingine. Breki zikifunguliwa wakati huo, seli hizo huongezeka, huingia kwenye damu na kusaka mabaki yaliyojificha mbali. Daktari wa upasuaji akishaukata, na pengine kuondoa tezi za limfu zilizo jirani, ameondoa saratani pamoja na sehemu kubwa ya seli zilizokuwa zimeshaijua.

Faida nyingine ni kwamba uvimbe uliokatwa baada ya dawa huonyesha majibu. Mtaalamu wa maabara akikuta seli za saratani zimekufa zote au karibu zote, tiba inayofuata inaweza kupunguzwa. Katika NADINA walioitikia vizuri hawakuendelea na dawa baada ya upasuaji.

Saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu (vya estrojeni, projesteroni na HER2) hufuata njia hiyo hiyo. Katika KEYNOTE-522, wagonjwa 1174 walipewa kemotherapi kabla ya upasuaji, wengine ikiwa na pembrolizumab na wengine bila. Miaka mitano baadaye asilimia 86.6 walikuwa hai upande wa pembrolizumab, na 81.7 upande wa pili. Na katika saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana yenye dMMR, madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa dostarlimab, dawa nyingine ya kufungua breki ya PD-1, kwa miezi sita. Mwaka 2022 waliripoti kwamba wagonjwa wote 12 waliomaliza tiba walikuwa hawaonekani tena na uvimbe, na hawakuhitaji mionzi wala kisu. Kundi hilo ni dogo na teule, lakini mtu mwenye dMMR asikubali kukatwa sehemu hiyo, na pengine kuwekewa njia ya choo tumboni, kabla hajaulizia jambo hili.

Hatari ya kutanguliza dawa ipo. Madhara yanaweza kuchelewesha upasuaji, na wachache ugonjwa huendelea wakati wa kusubiri. Kwa saratani ambayo utafiti wake haujafanywa, kanuni hii isibebwe kutoka melanoma ikapachikwa huko kwa matumaini tu.

Seli zilizotengenezwa maabara

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mara nyingi hizi hazishindani na dawa za breki. Zinahudumia wagonjwa wengine. Katika CAR-T, seli T za mgonjwa hutolewa, huwekewa kipokezi kipya maabara na kurudishwa. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, Agosti 2017, ilikuwa tisagenlecleucel kwa watoto na vijana wenye leukemia ya seli B iliyorudi au iliyoshindikana. Katika utafiti wake mkuu asilimia 81 saratani iliondoka ndani ya miezi mitatu. Kwa uvimbe mgumu wa mapafu, titi au kongosho, hadi sasa njia hii haijapata mafanikio ya namna hiyo. Seli hushindwa kupenya, au zikipenya huzimwa na mazingira yale yale ya makrofaji na seli T dhibiti.

Usugu wake hufundisha jambo. Seli hizo za leukemia ya seli B hulenga protini moja iliyo juu ya saratani, CD19. Saratani ikiacha kuitengeneza, seli hupita karibu nayo bila kuiona.

Kwa melanoma iliyoshinda dawa za breki kuna tiba ya seli zilizovunwa ndani ya uvimbe wenyewe, zikazidishwa maabara. Lifileucel iliidhinishwa Marekani Februari 2024, na takriban mgonjwa mmoja katika watatu uvimbe wake hupungua. Ila lazima avumilie kemotherapi kali ya kufuta seli za zamani na dozi kubwa za IL-2, kemikali ya kuchochea seli T, kwa hiyo moyo na mapafu yapimwe kwanza.

Nani aende polepole

Aliyepandikizwa figo, ini au moyo ana hatari kubwa ya kiungo kukataliwa akifunguliwa breki. Kwake kemotherapi au mionzi mara nyingi hutangulia. Mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili, kama lupasi au baridi yabisi, hanyimwi moja kwa moja, lakini huanza na dawa moja na hufuatiliwa kwa karibu. Anayeishi na VVU, akiwa anameza dawa zake na virusi vimeshuka, asiambiwe tiba hizi hazimhusu. Zimejaribiwa kwa watu kama yeye na usalama wake ulikuwa sawa na wa wengine.

Mambo mawili hupuuzwa. Prednisolone, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, ya miligramu 10 au zaidi kwa siku wakati wa kuanza tiba imehusishwa na matokeo mabaya zaidi, na antibiotiki zilizotumika muda mfupi kabla ya kuanza pia, pengine kwa sababu zinaharibu bakteria wa tumbo wanaoisaidia kinga. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, ila aitaje kila moja. Steroidi zinazotolewa baadaye kutibu madhara ni jambo jingine. Hizo huokoa maisha, na mgonjwa asizikatae akidhani zitaua kazi ya dawa yake.

Dawa ikiacha kufanya kazi

Picha ya kwanza ikionyesha uvimbe umekua, hiyo haitoshi kusema dawa imeshindwa. Seli za kinga zikiingia kwa wingi uvimbe unaweza kuvimba kabla ya kusinyaa. Ni nadra, na ikiwa mgonjwa anajisikia vizuri, picha hurudiwa baada ya wiki nne hadi nane. Akiwa anadhoofika, asisubiri.

Usugu wa kweli huja kwa sura mbili. Wapo ambao dawa haikuwahi kuwafaa. Wengi wao uvimbe ulikuwa baridi au umezingirwa tangu mwanzo, na kuongeza dozi ya dawa ile ile hakuwasaidii. Wapo walioitikia kwa miezi au miaka kisha ugonjwa ukarudi. Mwaka 2016 watafiti walichunguza wagonjwa wanne wa melanoma wa namna hiyo. Wawili saratani yao ilikuwa imepata badiliko katika JAK1 au JAK2, ikawa haisikii tena interferoni, kemikali ambayo seli T huitumia kuishambulia. Mmoja ilikuwa imepoteza beta-2 mikroglobulini, na bila protini hiyo seli ya saratani haiwezi kuonyesha juu yake vipande vinavyoifichua kwa seli T.

Ndiyo maana naomba kipande kipya cha uvimbe kichukuliwe panapowezekana, badala ya kutegemea kile cha siku ya kwanza. Uvimbe mmoja ukikua huku mingine ikiendelea kulala, mara nyingi huo mmoja hukatwa au hupigwa mionzi na dawa huendelea. Ikikua yote, na maabara ikaonyesha kwamba seli T haziwezi tena kuiona saratani, hapo breki ya pili haina cha kufungulia. Kemotherapi, vidonge vya kulenga jeni au utafiti mpya ndivyo vya kuzungumzia na daktari siku hiyo.